Mguso Usio na Mgusaji: Fani ya Hataza za Roboti za Altrasaundi

Hataza ni utanzu ambao hakuna anayeusoma kwa kujiburudisha. Husomwa na wakili anayetafuta kasoro, na mhandisi anayetafuta upenyo, na mkaguzi anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hata hivyo ni utanzu wenye kanuni kali kuliko zile tulizozoea kuzilalamikia madarasani. Utenzi unadai mizani minane kwa kila kipande, na kina cha bahari kisichobadilika mpaka mwisho. Dai la hataza linadai kuwa sentensi moja tu, hata likijaza ukurasa mzima. Mwongozo wa wakaguzi wa Ofisi ya Hataza ya Marekani umeliweka wazi: dai lianze kwa herufi kubwa, liishe kwa nukta, na nukta nyingine isionekane katikati isipokuwa kwenye vifupisho. Mtunzi asiyeweza kubana pumzi mpaka hapo, dai lake litarudishwa.

Nataka kuisoma fani hiyo mahali inapobanwa zaidi, yaani katika maandishi yanayoeleza roboti inayoweka probu ya altrasaundi juu ya mwili wa mtu kwa ajili ya tiba. Probu ni kile kichwa cha mashine kinachopakwa jeli na kusogezwa juu ya tumbo la mama mjamzito. Wengi tunakijua kwa kazi ya kupiga picha. Mawimbi hayohayo yakikusanywa sehemu moja kwa nguvu kubwa huunguza au husaga nyama ya ndani bila kisu kupita kwenye ngozi, na hapo mashine ya kuangalia inageuka kuwa ya kutibu. Nimechagua eneo hili kwa sababu mada yake nzima ni mguso. Ukiuondoa mguso hakuna kinachobaki cha kuandika. Nilitaka kuona utanzu usiopenda watu utafanyaje na tendo linalohitaji watu wawili.

Mkao wa probu ni jambo kubwa kwa sababu za kifizikia. Sauti hupita kwenye nyama laini za mwili kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, lakini ikikutana na hewa, karibu yote hurudi ilikotoka. Jeli ipo kuifukuza hiyo hewa. Mfupa nao huinyonya sauti na kuipotosha, kwa hiyo anayelenga ini hana budi kutafuta njia kati ya mbavu au chini yake. Probu ikiinama nyuzi chache, ikiachia milimita mbili za hewa, au ikibonyezwa hadi kiungo kilicho chini kisogee, picha huharibika. Na kama kazi ni ya tiba, nguvu hutua pasipostahili. Mkono wa mtaalamu mzoefu hufanya marekebisho haya bila mwenyewe kuyatambua. Huinamisha, hubonyeza, husubiri mgonjwa atoe pumzi, hubonyeza tena. Inapoletwa roboti, kila kimoja kati ya hivyo lazima kiandikwe, maana roboti haina mazoea.

Haja ya kuushikanisha mwili na chombo ni ya zamani. Mwaka 1942 John Lynn na wenzake, nchini Marekani, walichapisha njia ya kukusanya mawimbi ya sauti sehemu moja kwa majaribio ya kibiolojia. Katika miaka ya 1950 ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, William na Francis Fry, walijenga chombo chenye vyanzo vinne vya mawimbi vilivyoelekezwa kwenye nukta moja ya ubongo, na kwa kushirikiana na Russell Meyers, daktari wa upasuaji wa Iowa, chombo hicho kilitumika kwa wagonjwa wa Parkinson. Fuvu lilikuwa lazima lifunguliwe kwanza. Baadaye ikaja Ablatherm ya kampuni ya EDAP ya Lyon, Ufaransa, kwa ajili ya tezi dume: mgonjwa hulala ubavu wa kulia na probu huingizwa kwa njia ya haja kubwa, kisha mitambo huisogeza hatua kwa hatua. Mashine ya InSightec ya Israeli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa uvimbe wa mfuko wa uzazi, imekificha chanzo cha mawimbi ndani ya kitanda, na mgonjwa hulala kifudifudi juu yake. Mnamo Oktoba 2023 Marekani iliidhinisha mashine ya kampuni ya HistoSonics kwa uvimbe wa ini. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, na inaitwa Edison, jina linalomkumbusha Thomas Edison aliyekuwa na hataza 1,093 za Marekani. Hapo mgonjwa hulala chali. Juu ya tumbo huwekwa chombo cha maji yaliyoondolewa hewa, na mkono wa roboti hukisogeza kichwa cha tiba ndani ya maji hayo ili kitovu cha mawimbi kipite nukta baada ya nukta ndani ya uvimbe. Joto halitumiki. Viputo vidogo mno hutokea na kupasuka kwa kasi, vikaisaga nyama hadi iwe majimaji. Njia hiyo huitwa histotripsia.

Ubavu, kifudifudi, chali. Kila mashine imekuja na mandhari yake, na mandhari hiyo imeshaamua mgonjwa ataona nini: ukuta, kitanda, au mkono wa chuma ukishuka.

Sasa tuingie kwenye maandishi. Nitatunga dai la mfano kwa Kiswahili, nikifuata kanuni za utanzu huo. Si la kampuni yoyote, na mhandisi akilisoma ataona kwamba halina jipya la kulindwa. Linatosha kwa kazi yetu.

Tunadai:

1. Mfumo wa kuweka probu ya altrasaundi kwenye ngozi, mfumo huo ukijumuisha mkono wa roboti wenye viungo kadhaa; probu iliyofungwa kwenye ncha ya mkono huo; kihisi cha nguvu kilichowekwa kati ya probu na ncha hiyo; kamera iliyoelekezwa kwenye ngozi; na kidhibiti kilichounganishwa na mkono, kihisi na kamera, kidhibiti hicho kikiwa kimepangwa kupokea picha ya ngozi, kukokotoa njia ya probu, kusogeza probu hadi igusane na ngozi, na kurekebisha mkao wa probu ili nguvu ya mguso isizidi kiwango kilichowekwa.

2. Mfumo wa dai la 1, ambapo kidhibiti kimepangwa pia kufidia mwendo wa ngozi unaotokana na upumuaji.

Jambo la kwanza ambalo sikio la Kiswahili linalinasa ni viambishi. Pita neno kwa neno ukitafuta ngeli ya A-WA. Utakuta mfumo na mkono, kihisi na kidhibiti, probu, kamera, ncha, ngozi. Huyu na yule hawamo. Ngozi yenyewe haina mwenyewe. Haikuandikwa ngozi yake wala ngozi ya mgonjwa. Lugha ya Kiingereza, ambako utanzu huu umekomaa, inaweza kuuficha upungufu huo kwa sababu vitenzi vyake havibebi ngeli. Kiswahili hakifichi. Upatanisho wa kisarufi unakuwa kama orodha ya waliohudhuria, na kwenye orodha hiyo binadamu hayupo.

Nimekosea kidogo, yupo mmoja. Yuko juu kabisa, kabla ya namba 1, kwenye neno Tunadai. Ukilichunguza dai la kwanza utaona kwamba halina kitenzi kikuu. Mfumo ukijumuisha hiki na kile, kikiwa kimepangwa hivi na vile, basi, nukta. Kwa sarufi ya darasani hicho ni kirai nomino kirefu mno, na kinasimama kwa sababu tu kimeegemea kile kitenzi cha juu. Kwa hiyo mtu pekee mwenye sauti katika maandishi yote ni mwenye mali, naye anasema kwa nafsi ya kwanza wingi. Anayeguswa hana nafsi na anayegusa hana nafsi. Anayemiliki mguso anayo. Sijui utanzu mwingine unaotangaza msimamo wake kwa uwazi namna hii kupitia muundo wa sentensi peke yake.

Halafu, katika dai hilohilo la kwanza, kuna kauli ya kutendwa. Iliyofungwa, kilichowekwa, iliyoelekezwa, kilichounganishwa, kimepangwa, kilichowekwa tena. Mara sita, na hata mara moja hakuna na fulani. Kwa tano za mwanzo hasara ni ndogo, maana nani aliyeifunga probu kwenye ncha si habari ya maana sana. Ya sita ndiyo ya kutazamwa: nguvu ya mguso isizidi kiwango kilichowekwa. Kimewekwa na nani? Na mhandisi kiwandani, na daktari asubuhi ya siku hiyo, au na programu iliyojifunza kwa wagonjwa waliotangulia? Roboti za namna hii hupima nguvu kwa nyutoni, na tofauti ya nyutoni chache ndiyo tofauti ya probu inayotulia na probu inayoumiza tumbo lenye kidonda. Usalama wote wa mgonjwa umewekwa kwenye kishazi cha mwisho kabisa, ndani ya kitenzi kisicho na mtenda.

Kitenzi cha mguso wenyewe ni igusane. Ningeweza kuandika iiguse ngozi, na sentensi ingesimama. Nimetumia kauli ya kutendana kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na desturi ya utanzu: madai hupenda kuueleza mguso kama hali iliyopo kati ya vitu viwili, hali isiyo na mwelekeo. Probu na ngozi zimegusana, kana kwamba zilikutana njiani. Yeyote aliyewahi kulala kwenye kitanda cha kipimo anajua kwamba mwelekeo upo. Kuna kinachokuja na kuna kinachongoja.

Watu wakishaondolewa, nafasi yao haikubaki wazi. Kimeingia kidhibiti, na kidhibiti kimepewa ploti. Kinapokea picha, kinakokotoa njia, kinasogeza, kinarekebisha. Yaani kinaona, kinafikiri, kinatenda, na kikikosea kinajisahihisha. Kilele ni kugusana. Kinachofuata baada ya kilele ni busara ya kutozidisha. Tashihisi hii ni kamili kuliko za ngano zetu nyingi, ambako sungura hupewa akili lakini mara chache hupewa kiasi. Na kwa upande wa pili mgonjwa amefanyiwa kinyume cha tashihisi, hadi amebaki ngozi. Wahakiki wetu hufundisha tashihisi kama pambo la lugha. Hapa inafanya kazi ya kuhamisha mamlaka: kila tendo lililong'olewa kwa mtu limepandikizwa kwenye kitu.

Ni rahisi mno kuishia hapo na kulaumu ubaridi wa teknolojia. Nadhani lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili, maana umbo hili kwa sehemu kubwa limetungwa na sheria, tena sheria yenye nia njema. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, uliotiwa saini Munich mwaka 1973, haukubali hataza juu ya njia za kumtibu binadamu au mnyama kwa upasuaji au tiba. Vifaa vya kutumika katika tiba hiyo vinaruhusiwa. Makubaliano ya kimataifa ya biashara ya mwaka 1994 juu ya haki miliki yanaziachia nchi nafasi ya kufanya hivyohivyo, na Kenya katika Sheria yake ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 imeifuata njia hiyo. Marekani inakubali hataza za njia za tiba, lakini baada ya mabishano makali yaliyotokana na hataza ya namna ya kupasua jicho lenye mtoto wa jicho bila kushona, mwaka 1996 iliweka kinga ili daktari asidaiwe fidia kwa tendo la kumtibu mgonjwa wake. Shabaha ni moja: daktari asisimame mbele ya mgonjwa akiwaza leseni.

Tazama matokeo yake kwenye fani. Mwandishi wa dai huko Ulaya akiandika kwamba probu inawekwa juu ya mgonjwa na uvimbe unasagwa, ameandika tiba, na dai lake limekufa. Kwa hiyo analikimbia tendo na kukimbilia uwezo. Kidhibiti hakisogezi, kimepangwa kusogeza. Mashine nzima imesimama mlangoni mwa tendo bila kuingia. Sheria iliyokusudia kuulinda uhuru wa kutibu imezaa maandishi ambamo tiba haitokei kamwe, na pasipo tiba mgonjwa hana sababu ya kuwapo. Namheshimu mwandishi anayefanya kazi ndani ya kamba hii. Kufuta kitenzi kinachokuelemea kutoka kila upande, na bado ueleweke na mhandisi, kunahitaji ustadi ambao washairi wetu wa vina wangeutambua.

Kuna pia suala la msomaji. Nadharia za fasihi zimetufundisha kumtafuta msomaji aliyekusudiwa, yule anayejengwa na matini yenyewe. Katika hataza hakuna haja ya kumtafuta, ameandikwa katika sheria: mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika taaluma husika. Ni mtu wa kubuni. Anajua yote yaliyokwisha kuchapishwa katika uwanja wake, lakini hana ubunifu hata chembe. Maandishi yanapimwa kwa kumuuliza yeye: je, akisoma haya ataweza kuitengeneza mashine? Asipoweza, hataza inaweza kuanguka. Hili ndilo linaloupa utanzu huu sifa ambayo mara nyingi haitajwi. Mwenye hataza hupewa haki ya pekee kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuomba, na malipo yake ni kusema kila kitu. Ukitoka kwenye madai ukaingia kwenye maelezo marefu yanayoambatana nayo, utakuta mambo ambayo hakuna muuguzi atakayekueleza: kamera inafanya nini shuka ikifunika sehemu ya tumbo, mkono unarudi nyuma vipi kihisi kikisoma nguvu ya ghafla, njia gani inatumika ngozi ikiteleza. Michoro nayo imo, ya mistari myeusi, na humo mara nyingi mgonjwa amelala akiwa amepewa namba ya marejeo, sawa na kitanda na sawa na waya. Mwili wake ni muhtasari. Uso mara nyingi hauna macho.

Nirudi kwenye dai la pili, dogo, lile la upumuaji. Kwangu hapo ndipo fani inapopasuka.

Ini linakaa chini ya kiwambo cha tumbo, na kila mtu anapovuta pumzi linashuka sentimita moja au mbili, pengine zaidi. Kwa anayelenga uvimbe wenye upana wa sentimita mbili, hilo ni tatizo la kwanza na la mwisho. Na ni tatizo lisiloweza kuandikwa bila kukiri kwamba kile kilichoitwa ngozi kina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Dai linajitahidi. Halisemi mgonjwa anapopumua, maana hapo a- ingeingia na nyumba yote ingeyumba. Limekigeuza kitenzi cha kupumua kuwa nomino, upumuaji, likaifanya chanzo cha mwendo, likaufanya mwendo kuwa wa ngozi, kisha likakipa kidhibiti kazi ya kuufidia. Tabaka tatu za nomino zimerundikwa juu ya kitenzi kimoja cha uhai. Lakini kitenzi bado kinasikika chini yake. Ndiyo maana dai hili huja la pili, kama tegemezi, kama nyongeza: dai kuu linaweza kuuchora mwili uliotulia, na uhai unaletwa baadaye kama kasoro ya kurekebishwa. Mpangilio huo wa namba ni hukumu kubwa kuliko msamiati wowote.

Chumbani mambo huenda tofauti. Katika tiba ya ini kwa Edison mgonjwa hupewa dawa ya nusukaputi, na upumuaji wake huendeshwa na mashine inayosimamiwa na mtaalamu wa nusukaputi. Kabla ya kuanza kusaga, daktari hupiga mapigo ya majaribio kwenye nukta kadhaa za uvimbe ili kujua kila sehemu inahitaji nguvu kiasi gani, kwa sababu njia ya sauti kupitia mafuta na mbavu hutofautiana. Ndipo mkono wa roboti unapoachiwa kupita nukta zake. Yaani mguso huu unaoonekana kuwa wa mashine peke yake una watu wasiopungua watatu: anayelenga, anayeongoza pumzi, na anayelala. Mtaalamu wa nusukaputi namhesabu kuwa mhusika aliyedhulumiwa kuliko wote na aina hii ya maandishi. Kazi yake yote imo katika neno kufidia, na kufidia ni kitenzi cha kidhibiti.

Ripoti ya utafiti inawarudisha watu, kwa sharti. Matokeo ya jaribio lililoifungulia Edison njia yalichapishwa katika jarida la Radiology mwaka 2024. Washiriki walikuwa 44, Marekani na Ulaya. Ulengaji na usagaji ulifanikiwa kiufundi kwa asilimia 95, na matatizo makubwa yaliyotokana na tiba yakawapata asilimia 7. Hapa ngeli ya A-WA inapumua tena, ila kwa wingi tu. Washiriki walitibiwa, walifuatiliwa, walipata. Mmoja hayupo. Hata wale watatu wanaounda hiyo asilimia 7 wanakuja kama sehemu ya 44. Sina ugomvi na hilo, takwimu haziwezi kusema vinginevyo. Ninachokitazama ni jina la jaribio: #HOPE4LIVER. Alama ya reli mbele, namba ikishika nafasi ya neno, na tumaini katikati, yote kwa herufi kubwa. Ripoti inayoogopa kivumishi kuanzia mstari wa kwanza imevaa kofia ya tangazo. Tumaini lililofukuzwa kwenye sentensi limeingilia kwenye jina, na kwa kuwa jina halihakikiwi kama hoja, hakuna aliyelidai ushahidi. Kati ya maandishi yote ninayoyazungumzia, hapo ndipo ninapohisi kuchezewa.

Utanzu wa tatu ni kipeperushi cha mgonjwa. Tuutungie mfano nao: Utalala chali. Utapewa dawa na hutahisi kitu. Mkono wa mashine utasogea taratibu juu ya tumbo lako. Ukiamka tutakuwa pamoja nawe. Nafsi ya pili imekuja, tumbo limepata mwenyewe, sauti imelainika. Msomaji anapenda mara moja. Sasa kipe kipeperushi mtihani uleule tuliolipa dai. Vitenzi vya mgonjwa ni kulala, kupewa, kutohisi, kuamka. Vyote vinaeleza kutofanya. Kila kitenzi kikuu kimebeba -ta-, wakati wa ahadi, usiokubali iwapo. Mkono wa mashine unasogea wenyewe, na kiwango cha nguvu ambacho dai lilikitaja, ingawa bila mtenda, hapa hakitajwi kabisa. Kihisi hakipo. Kukosea hakupo, kwa hiyo na kujirekebisha hakupo. Tutakuwa pamoja nawe, lakini ukiamka. Kuhusu muda wa kulala sentensi imenyamaza.

Hapa natofautiana na wenzangu wanaopima ubinadamu wa maandishi kwa kuhesabu nafsi zake. Dai halimtambui mtu, lakini linaeleza kwa mpangilio kitakachoufika mwili wake. Kipeperushi kinamkumbatia mtu na hakimwambii lolote. Ningelazimishwa kuchagua kimoja cha kusoma kabla ya kupanda kitandani, ningechukua hataza, na ningemwomba binamu yangu mhandisi anisomee.

Kuna mashine moja inayoonyesha kwamba fani nyingine inawezekana. Katika tiba za InSightec mgonjwa huwa macho, au amepewa dawa ya kumtuliza tu, na mkononi hushikishwa kitufe cha kusimamisha mawimbi. Kwa wagonjwa wa kutetemeka mikono, tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, kichwa hufungwa kwenye fremu ndani ya kofia yenye vyanzo 1,024 vya mawimbi, na kati ya pigo na pigo mgonjwa huombwa achore mstari wa mzunguko (spirali) kwa kalamu, ili wote waone kama mkono umetulia. Anachora, anasema anachohisi, anabonyeza akitaka kukoma. Vitenzi vimerudi kwake. Jaribu kukiandika kitufe hicho kwa kanuni za dai na utapata kiolesura kilichopangwa kupokea amri ya mtumiaji. Mtumiaji! Hatimaye ngeli ya A-WA imeingia ndani ya dai, na imeingia kwa jina ambalo halituambii kama anayebonyeza ni daktari au ni yule aliyelala. Kisheria utata huo ni faida, kwa kuwa unapanua eneo la umiliki. Kwa mwenye kitufe mkononi ni tofauti kati ya kuendesha na kuendeshwa.

Sina matarajio kwamba mawakili wa hataza watabadilisha sarufi yao kwa ajili ya wahakiki, wala sidhani wanapaswa. Ninao wengine wa kuwaomba. Fomu za ridhaa za tafiti za tiba huandikwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na wanaozitafsiri wengi wamepita kwenye madarasa yetu ya lugha. Siku fomu ya mashine ya namna hii itakapofika mezani kwenu, msiifuate sauti ya kipeperushi kwa sababu tu ni laini. Chukueni mpangilio wa dai, hatua kwa hatua, kisha kila kitenzi mkipe mtenda wake. Andikeni ni nani atakayeweka kiwango cha nguvu na atakiweka lini. Andikeni ni nani atakayeiangalia pumzi. Andikeni kitufe cha kusimamisha kiko wapi, na kiko chini ya kidole cha nani.